Nauli ya Mzee Isiishie Mpakani

Mzee wa miaka 70 anayeishi Letterkenny, mji mkubwa kuliko yote katika kaunti ya Donegal, akitaka kwenda Dublin, mji mkuu wa nchi yake, hupanda basi namba 32 na kuvuka mpaka wa kimataifa mara mbili katika safari moja. Akishavuka mto pale Lifford anaingia Strabane, ambayo kisheria ni Uingereza. Anapita Omagh, anafika Aughnacloy, kisha anarejea Jamhuri ya Ireland na kushika njia ya Monaghan hadi Dublin. Safari nzima haombwi nauli. Anaonyesha kadi yake, anatafuta kiti, basi linaondoka.

Jambo hilo linaonekana dogo mpaka mtu ajiulize hali ingekuwaje pasipo makubaliano. Kisiwa cha Ireland kilipogawanywa mwaka 1921 kati ya Ireland Kaskazini, iliyobaki Uingereza, na kusini, ambayo leo ni Jamhuri, Donegal ilibaki upande wa kusini huku ikiungana na kaunti nyingine za Jamhuri kwa ukanda mwembamba tu upande wa Leitrim. Mpaka una urefu wa kilomita zipatazo 500 na unakatwa na barabara zaidi ya 200. Umepita katikati ya mashamba, parokia na koo. Anayekaa karibu nao huuvuka akienda dukani, kanisani, mazikoni na kwa mkwewe. Mfumo wa nauli unaosema "bure hadi hapa, kuanzia hapa lipa" ungekuwa unamtoza mzee faini kwa kosa la kuzaliwa karibu na mstari wa ramani.

Ninaitetea kwa moyo wote safari ya bure ya wazee wanaovuka mpaka, na hoja yangu ni hii. Mpaka wenyewe hauizuii huduma hiyo, na gharama yake inabebeka. Kinachoikwamisha ni serikali kukwepa maswali matatu: nani anastahili, kadi ipi inakubaliwa, na nani anamlipa mwenye basi. Ireland imeyajibu maswali hayo vizuri kuliko majirani zake wengi wa Ulaya. Palipobaki jibu nusu, mzee ndiye anayebeba nusu iliyosalia.

Ilivyoanza

Mpango wa kusini ulizaliwa mwaka 1967, Charles Haughey akiwa Waziri wa Fedha. Wakati huo umri wa pensheni ulikuwa miaka 70. Hesabu ya serikali ilikuwa nyepesi kueleweka: treni na mabasi ya shirika la umma, CIÉ, yalikuwa yakitembea na viti vitupu nje ya saa za msongamano, na kumkalisha mzee kwenye kiti ambacho kingeenda kitupu kulikuwa na gharama ndogo sana. Leo kila mkazi wa kudumu wa Jamhuri aliyefikisha miaka 66 anastahili, awe alichangia mfuko wa pensheni au hakuchangia. Wamo pia watu wenye ulemavu na wanaowatunza wagonjwa, na jumla ya wenye haki hiyo imevuka milioni moja.

Ireland Kaskazini ilichelewa. Wazee wa miaka 65 na zaidi walianza kusafiri bure Oktoba 2001, na Oktoba 2008 ikaja kadi ya kuanzia miaka 60. Katikati ya tarehe hizo mbili ndipo lilipofanyika jambo kubwa. Aprili 2, 2007, pande zote mbili zilianza mpango wa kisiwa kizima: mzee wa kusini mwenye miaka 66 asafiri bure ndani ya Kaskazini, na mzee wa Kaskazini mwenye miaka 65 asafiri bure ndani ya Jamhuri. Upande wa Dublin, aliyeusimamia ni Seamus Brennan, waziri wa masuala ya jamii na familia.

Tofauti na hali ya awali ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kabla ya hapo, safari yenyewe ya kuvuka mpaka ndiyo iliyosamehewa nauli. Mzee akishafika ng'ambo na kutaka kuunganisha basi jingine, aliingia mfukoni kama mgeni. Baada ya hapo, haki yake ilimfuata hadi mlangoni kwa anayemtembelea.

Tazama pia wakati wenyewe. Aprili 2007 Ireland Kaskazini ilikuwa bado inatawaliwa moja kwa moja kutoka London. Serikali ya pamoja ya vyama vilivyokuwa mahasimu ilirejea Mei 8 mwaka huo. Makubaliano ya amani ya 1998 yalikuwa yameutaja usafiri kuwa moja ya maeneo ya ushirikiano wa Kaskazini na Kusini, lakini makubaliano ya karatasini hayampandishi mtu basi. Kadi ya mzee ilikuwa moja ya mambo machache ambayo bibi wa Armagh asiyependa siasa angeweza kuyashika mkononi na kusema: hii ndiyo faida niliyoiona.

Kadi mbili, safari moja

Tuitazame safari moja kwa karibu. Mama wa miaka 67 wa Dublin anakwenda Belfast kumwona dada yake. Katika kituo cha Connolly anaonyesha kadi yake ya huduma za umma yenye herufi FT, yaani safari ya bure, anapewa tiketi bila kulipa, anapanda Enterprise, treni inayoendeshwa kwa pamoja na mashirika ya reli ya pande zote mbili na ambayo tangu Oktoba 2024 inaondoka kila saa. Inapita Dundalk, inavuka mpaka, inasimama Newry, na baada ya saa mbili hivi yuko Grand Central, kituo kipya cha Belfast kilichofunguliwa mwaka 2024.

Hadi hapo kadi ya Dublin imetosha. Akitoka nje na kutaka kupanda basi la mjini kwenda mashariki mwa Belfast, ile kadi haimsaidii tena. Kwa safari za ndani ya Kaskazini anatakiwa awe na kadi ya pili, iliyotengenezwa kwa ajili ya wazee wa kusini, ambayo alipaswa kuiomba kwao kabla ya kuondoka. Asiyejua, au aliyeisahau kwenye droo, analipa nauli. Na analipa kwa pauni, huku pochi yake ina euro.

Hitilafu hii ni ya mitambo zaidi kuliko siasa. Mashine za kusoma kadi za Kaskazini zilijengwa kwa mfumo mmoja, kadi ya huduma za umma ya kusini kwa mfumo mwingine. Mzee wa Kaskazini ana nafuu, kwani kadi yake ileile ya nyumbani inakubaliwa kusini. Lakini kwa mtu wa miaka 80 mwenye macho hafifu, kuombwa kadi ya pili ni kizuizi halisi. Haki inayohitaji mtu ajue utaratibu, ajaze fomu na akumbuke kadi ya ziada huishia kuwafaidi wazee wenye elimu, afya na watoto wa kuwasaidia. Wale waliokusudiwa zaidi hubaki nyuma.

Umri nao una ufa wake. Mkazi wa Derry, upande wa Kaskazini, mwenye miaka 62 anasafiri bure hadi Belfast, zaidi ya kilomita 100. Akitaka kwenda Letterkenny, kama kilomita 35 tu, analipa, kwa sababu kadi ya miaka 60 hadi 64 haivuki mpaka. Jirani yake wa miaka 65 anavuka bure. Akihamia Letterkenny atangoja hadi 66 aanze kustahili. Milango mitatu ya umri katika kisiwa kimoja! Kila mmoja una historia yake, na hakuna hata mmoja ambao mwananchi wa kawaida angeweza kuukisia.

Wanakwenda wapi

Wapo wanaoidharau huduma hii kwa kudhani ni matembezi ya kujifurahisha kwa gharama za walipa kodi. Waende Derry, kwenye hospitali ya Altnagelvin. Mwishoni mwa 2016 kilifunguliwa hapo kituo cha saratani kilichojengwa kwa mchango wa serikali zote mbili, ili wagonjwa wa Donegal wapate tiba ya mionzi karibu na kwao badala ya kusafirishwa hadi Dublin au Galway. Tiba ya mionzi hutolewa kwa vipindi vingi, mara nyingi siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa mfululizo. Saratani ni ugonjwa unaowaandama zaidi wenye umri mkubwa. Serikali mbili zikikubaliana kumtibu mzee ng'ambo ya mpaka, kisha zimtoze nauli kila siku ya kwenda na kurudi, zingekuwa zimeijenga hospitali na kuiwekea kizuizi mlangoni.

Hata matembezi yasiyo ya tiba yana uzito. Mpweke anayetoka nyumbani, akaonana na watu, akazungumza na jirani wa kiti, anarudi akiwa mtu mwingine. Wengi katika kizazi hicho, hasa wanawake, hawakuwahi kumiliki gari, na wengine wamefika umri ambao kuendesha si salama. Kwao kadi ndiyo gari.

Nani anamlipa mwenye basi

Hapa ndipo mipango mingi ya namna hii inapokwama, na hapa ndipo msomaji anayetaka kuielewa sera ya nauli anapaswa kutulia kidogo.

Mzee anapopanda bure, mwenye basi amepoteza nini? Si nauli nzima. Baadhi ya wanaopanda kwa kadi wasingesafiri kabisa kama wangetakiwa kulipa. Hao hawajampotezea mapato yoyote, isipokuwa pale wanapojaza basi mpaka liongezwe jingine. Kwa hiyo mwenye basi hustahili fidia ya nauli za wale ambao wangelipa, pamoja na gharama ya ziada ya kuwabeba wasiolipa. Sheria ya England inaiweka kanuni hiyo waziwazi: mwenye basi asipate faida wala hasara kwa sababu ya mpango wa wazee. Kuifanyia hesabu ni kazi ngumu, kwa maana hakuna anayeweza kumhesabu mtu ambaye angebaki nyumbani, na ugomvi kati ya serikali na makampuni hauishi.

Jamhuri ya Ireland ilichagua njia rahisi zaidi: fungu la fedha kwa mwaka. Fungu lina uzuri wa kutabirika. Ubaya wake ulionekana baada ya mtikisiko wa kifedha, serikali ilipoligandisha katika kiwango cha 2010, euro milioni 77 hivi, na kuzuia makampuni na njia mpya kuingia katika mpango. Idadi ya wazee ikaendelea kupanda, fungu likabaki palepale. Matokeo yake ni hesabu ya darasa la nne: kadiri safari zilivyoongezeka, malipo kwa kila safari yalipungua. Kampuni binafsi yenye njia ya mbali ikijikuta inalipwa sehemu ndogo tu ya nauli, itamwona mwenye kadi kuwa hasara inayopanda ngazi. Itamwambia basi limejaa. Au itaanzisha huduma yake nje ya mpango. Fungu hilo limeongezwa tangu wakati huo, lakini funzo linabaki: huduma inayotangazwa kuwa haki huku malipo yake yamefungiwa kwenye chupa itaminywa kimyakimya, na abiria ataiona imeminywa kabla waziri hajakiri.

Mpaka unaliongezea jambo hili ugumu wake. Basi linalovuka lina walipaji wawili, na palipo na walipaji wawili kila mmoja ana nafasi ya kungoja mwenzake atangulie. Mwaka 2023 wizara ya miundombinu ya Kaskazini, ikibanwa na bajeti, iliwauliza wananchi iwapo umri wa kusafiri bure upandishwe kutoka miaka 60. Mwaka uliofuata waziri John O'Dowd aliamua ubaki ulivyo. Aliamua vyema. Lakini kule kuulizwa kulionyesha kwamba haki ya wazee wa kisiwa kizima inaning'inia kwenye bajeti mbili ambazo hazipangwi pamoja, na kwamba upande mmoja ukiyumba, wa ng'ambo nao huguswa bila kuwa na kura.

Majirani wamefanyaje

Ndani ya Uingereza yenyewe hali ni mbaya kuliko Ireland, jambo linaloshangaza kwa nchi moja. Tangu Aprili 2008 mzee wa England anapanda bure mabasi ya mahali popote England, siku za kazi kuanzia saa tatu na nusu asubuhi. Scotland na Wales zina mipango yao, inayoanzia miaka 60, ilhali England umri unafuata ule wa pensheni, ambao leo si chini ya 66. Kadi hizi kwa kawaida hazitambuani. Ya Scotland inamfikisha mtu Berwick-upon-Tweed na Carlisle, miji ya jirani tu, kwa sababu mtu alikaa akaiandika hivyo katika mpango. Sheria ya usafiri wa wazee ya mwaka 2007 iliacha nafasi ya kadi hizo kutambuana kote nchini. Mpango wa jumla haujafuata.

Hungary inawabeba bure raia wote wa Umoja wa Ulaya waliofikisha miaka 65, wageni kwa wenyeji, na Slovakia tangu Novemba 2014 inawapa wastaafu treni za bure baada ya kujiandikisha. Ni ukarimu wa kupongezwa. Hata hivyo, zote mbili ni huduma za ndani. Mzee anayevuka kutoka moja kwenda nyingine analipia safari yake ya kimataifa. Luxembourg ilifuta nauli kwa watu wote Machi 2020, mabasi, treni na tramu. Lakini anayekwenda Metz au Trier bado ananunua tiketi ya kuanzia mpakani, kwa kuwa Ufaransa na Ujerumani hazikuifuta yao. Mfano huo unafundisha jambo: nchi moja hata ikiwa tajiri na karimu namna gani, haiwezi peke yake kuifanya safari ya mpakani kuwa bure. Inahitaji mkataba na jirani. Ireland ina mkataba huo, na ndiyo maana inastahili kusomwa.

Kadi bila viza

Liko kundi ambalo wasifiaji wa mpango huu hawalitaji, na baadhi ya wasomaji wa safu hii wana ndugu zao humo. Kadi ya Jamhuri inatolewa kwa ukazi, si kwa uraia. Mama wa Kikenya au Kitanzania aliyehamia Dublin kihalali, akafikisha miaka 66 akiwa bado na pasipoti ya kwao, anastahili kadi sawa na jirani yake Mwairishi. Kadi hiyo itampatia tiketi ya Enterprise bila senti moja. Sheria ya uhamiaji ya Uingereza, hata hivyo, inamtaka awe na viza kabla ya kuingia Kaskazini, kwani uhuru wa kutembea kati ya nchi hizo mbili ni wa raia wa Ireland na Uingereza. Mkenya au Mtanzania anayeishi Belfast naye anahitaji viza ya Ireland kwenda kusini.

Mpakani hakuna kizuizi wala askari anayeonekana. Mzee huyo anaweza kuvuka akiwa amesinzia, akavunja sheria bila kujua, kisha akakutana na maofisa wa uhamiaji waliopanda basi kukagua hati. Wenye mamlaka wanaosema kisiwa kiko wazi kwa wazee wote wanasema nusu ya ukweli. Serikali mbili zilizoweza kukubaliana kuhusu nauli zinaweza kukubaliana kuhusu mkazi halali wa miaka 70 anayekwenda kusalimia mjukuu. Hadi hapo, kila fomu ya kadi iandikwe onyo kuhusu viza kwa lugha nyepesi, maana kimya chake kinaweza kumgharimu mtu ukazi wake.

Basi lisilokuja

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote halihusu kodi. Linatoka kwa wazee wa vijijini: kadi ya bure ina faida gani mahali ambapo basi halipiti? Donegal haina treni hata moja. Njia zake karibu zote zilikuwa zimefungwa kufikia mwisho wa 1959, na reli ya Portadown hadi Derry ikang'olewa baada ya kufungwa mwaka 1965. Mapitio ya reli ya kisiwa kizima, yaliyochapishwa Julai 2024 na serikali zote mbili, yamependekeza reli hiyo irudishwe na tawi lifike Letterkenny. Ni pendekezo jema, lakini wazee wa leo hawatalisubiri. Kwao kinachohitajika ni mabasi madogo ya vijijini yanayovuka mpaka kwa ratiba inayolingana na saa za kliniki.

Wapo pia wanaouliza kwa nini tajiri mstaafu apande bure. Jibu langu ni kwamba kumchuja kunahitaji fomu, maofisa na ukaguzi wa mapato, na kila kichujio huwaangusha maskini wenye aibu kabla hakijamgusa tajiri mwenye gari lake. Huduma inayotumiwa na wote hulindwa na wote. Waziri anayetaka kuipunguza hukutana na mwalimu mstaafu, daktari mstaafu na mkulima mstaafu kwenye foleni moja.

Kinachotakiwa kufanywa kinajulikana. Kwanza, umri mmoja kwa safari za mpakani, na uwe ule wa chini, 60, ili asiwepo anayepoteza. Pili, kadi moja inayosomwa na kila mashine kisiwani, bila fomu ya pili. Tatu, fungu la pamoja linalolipa kwa idadi halisi ya safari, linalopangwa na mawaziri wa pande zote mbili katika kikao cha pamoja cha kila mwaka, ili mwenye basi amkaribishe mzee badala ya kumkwepa. Nne, njia fupi za mpakani kuelekea hospitali zipewe kipaumbele katika fedha hizo kabla ya zile za mbali.

Mambo hayo manne hayahitaji katiba mpya wala kura ya maoni juu ya kuunganishwa kwa Ireland. Anayetaka muungano na anayeupinga wanaweza kuyatia sahihi siku moja na kila mmoja akabaki na msimamo wake. Mwaka 2007 serikali mbili zilifanya jambo gumu zaidi ya haya, zikiwa na imani ndogo zaidi kati yao. Zikishindwa leo, zisiseme mpaka ndio uliozizuia.